Daftari la Miaka ya Wafalme

Saa mbili na robo asubuhi, mtunza stoo wa makumbusho alivuta droo ya sita, akaikuta tupu. Daftari la marehemu mumewe halimo, na jana saa kumi na moja jioni lilikuwemo! Tangu wamzike, huu mwezi wa pili, hakuwa amethubutu kulifungua. Aliligusa jalada tu kila asubuhi, basi, siku ikaenda. Mwandiko wote wa mume wake ulikuwa humo, na hana mwingine.

Hakuita polisi. Alianza na Miwani, mtaalamu wa makumbusho aliyebishana na marehemu miaka minane kuhusu miaka ya wafalme wa kale.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Shemeji, unanishuku mimi? Nilitoka saa kumi. Muulize mlinzi."

"Daftari lile ulikuwa unalitamani."

"La kazi gani? Mfalme kakalia kiti mwaka 605 kabla ya Kristo, basi huo ndio mwaka wake wa kwanza. Mumeo kang'ang'ania eti watu wale wa kale hawakuuhesabu, walingoja mwaka mpya uingie ndipo waanze moja. Yaani 604. Aka!"

Mlinzi alithibitisha: saa kumi kamili. Mama wa watu akarudi ukumbini, machozi yanamlengalenga. Hapo akaiona kadi mpya ya maelezo chini ya chungu cha mfalme yule: *Mwaka wa kwanza wa mfalme, 604 K.K.*

Kadi zile aliziandika binti yake, fundi cherehani aliyerudi kwa ajili ya msiba baada ya kususa nyumbani miaka tisa. Alikuwa akimsaidia mama yake kazi: alipewa orodha ya Miwani, anakili tu.

Akamkuta mezani.

"Orodha inasema 605. Hii 604 umeitoa wapi?"

"Nimekosea, mama."

"Umekosea ukapatia? Baba yako aliigundua ulipokwisha kuondoka. Miwani hawezi kuiandika hata ashikiwe panga. Mimi sijakwambia. Limebaki daftari."

Binti akalitoa mkobani. "Nilitaka kujua kama aliwahi kuniandika, hata mstari mmoja. Wewe ulikuwa naye, mama. Mimi nimekuta kaburi."

Binti akafungua kurasa za mwisho. Humo marehemu aliita miaka yake mwenyewe kwa mtindo wa kale zaidi: mwaka hupewa jina la jambo lililotokea, na lisipotokea jipya, huhesabiwa kutoka lile la zamani. Mama akasoma kwa sauti.

"Mwaka Tuliooana. Mwaka Mtoto Alipozaliwa. Mwaka Mwanangu Alipoondoka. Mwaka Baada ya Mwanangu Kuondoka. Mwaka wa Pili Baada ya Mwanangu Kuondoka…"

Iliendelea hivyo mpaka wa tisa.

"Miaka yote hiyo, nikikutaja tu anatoka chumbani," mama alisema. "Nami nikadhani kakusahau."