Mgeni wa Siku Tisini

Cherehani ya Waridi ilikwama siku sita kabla ya Idi kubwa. Kama hujawahi kushona nguo Bwiza, Burundi, siku sita kabla ya Idi, shukuru Mungu na upite zako. Magauni ya vitenge na kanzu za watoto vilining'inia hadi mlangoni, baa ya jirani ilikuwa imeshafungulia muziki, na wateja wawili walikaa kwenye benchi wakimkodolea macho kama mahakimu. Waridi, mtandio wake wa rangi ya haradali umemteremka hadi shingoni, aliipiga ile mashine kofi.

"Usiipige, haijakukosea," ilisema sauti kutoka barabarani. "Kuna chuma kimelegea huko chini. Nimekisikia toka kwa muuza mkaa."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, bisibisi mfukoni mahali ambapo wenzake huweka kalamu. Hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya cherehani, na baada ya dakika kumi sindano ilikuwa ikikimbia kama mpya.

"We ni nani?" Waridi aliuliza.

"Sulemani. Natengeneza vyerehani, Ujiji. Nimekuja kumtazama mama mkubwa, amevunjika mguu."

"Vyerehani!" Assia, aliyeshona meza moja na Waridi kwa miaka minane, aliangua kicheko. "Sikiya Kiswahili ya radio!"

Waridi alimpa pesa. Sulemani akarudisha mikono nyuma.

"Siwezi kupokea, dada."

"Ni kidogo?"

"Si hivyo. Pale mpakani Mugina sikuombwa viza, nimegongewa muhuri tu. Siku tisini, za matembezi. Mtu wa matembezi hafanyi kazi ya malipo."

"Na nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Waridi alimtazama vizuri. Bwiza, mwanamume anayekataa pesa ya mwanamke huwa ana malipo mengine kichwani, naye hakuzaliwa jana.

"Basi unataka nini?"

"Maji ya kunywa. Jua la kwenu kali."

Alimpa maji, kisha kwa sababu hapendi deni la mtu akampa na sahani ya bugali na samaki.

"Huyu kwetu ni mgebuka," Sulemani alisema akichambua mifupa.

"Hapa ni mukeke. Kula, mutalii."

Jina likamganda. Kesho yake mutalii alipita kusalimia, keshokutwa akapita tena, na mwezi haujaisha Waridi alikuwa akimwekea sahani yake kando na kuifunika kwa kawa. Alimpenda, basi. Alimpenda kwa ile aibu yake ya kufuata sheria hata pasipo askari, na kwa namna alivyosikiliza mashine ikiumwa.

"Mutalii, uko wapi?" alikuwa akimpigia simu mchana.

"Niko natalii, mpenzi."

"Wapi?"

"Kwa jirani yako Houda. Mashine yake imemeza sindano."

"Unatalii na bisibisi?"

"Wengine wanatalii na kamera."

Walicheka, lakini pasipoti ilikaa daima katika mfuko wa shati lake, imefungwa kwenye nailoni, na siku ndani yake zilikuwa zinapungua. Siku ya sabini, Sulemani alituma wazee wawili na barua ya posa kwa Uthmani, baba mdogo wa Waridi, muuza vitenge aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Uthmani hakukubali wala hakukataa. Siku tatu baadaye alikuja mwenyewe pale wanaposhona, kofia mkononi.

"Waridi, mwanangu. Nimemuona mutu wako ku biro ya wageni. Anauliza bwana ya mwanamuke Murundi wanamupa makaratasi gani. Mi nakuambia ukweli: haoi weye. Anaoa karte ya uraia."

Maneno yale yalimchoma Waridi penyewe. Alipiga simu hata kabla mzee hajavuka barabara.

"We, mutalii. Uliuliza makaratasi ku biro?"

"Niliuliza, mpenzi, nilitaka—"

"Na baba mudogo hajajibu? Unanitaka mi, ao unataka Burundi?"

Sulemani akasema taratibu, "Unanijua, Waridi, halafu unaniuliza hivyo?"

"Nakuuliza."

"Basi siku zangu zikiisha nitaondoka. Hata saa moja sitaongeza."

Waridi alikata simu na kulia juu ya kitambaa cha mteja, hariri ya kijani ambayo ilibidi aifue upya. Hakupiga tena, wala hakupigiwa. Wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anapaswa kuanza.

Asubuhi ya siku ya themanini na tisa alichukua chupa ya mafuta ambayo Sulemani alikuwa ameiacha mezani, akaanza kutia mashine. Assia alikuwa akipindia mkono wa gauni.

"Ile mwanaume mi simuelewi," alisema. "Ametengeneza mashini ya barabara muzima, na hakupokea hata franga moja. Leo saa tano anapanda basi. Mama yake mukubwa amenieleza."

Mkono wa Waridi ulisimama. Mtu anayetaka kuiba makaratasi ataanzaje kwa kukataa jasho lake mwenyewe, kwa ajili ya muhuri ambao hakuna askari aliyewahi kuja kuuangalia? Sulemani aliuliza ofisini kwa sababu Sulemani ndivyo alivyo, anauliza kwanza. Waridi alijiona mjinga, halafu akaona hasira ikimpanda, na safari hii haikuwa ya Sulemani.

Alikwenda dukani kwa Uthmani na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mzee alikuwa akikunja vitenge.

"Baba mudogo, babu yetu alitoka wapi kuingia hapa?"

"Unajua vizuri. Ujiji."

"Nani alimupigia kashe, ile muhuri ya mpakani?"

"Wakati ile hakukuwa kashe, mama."

"Alipewa siku ngapi?"

Uthmani aliinamia kitenge alichokuwa akikunja.

"Tuko hapa mpaka leo," Waridi alisema bila kushusha sauti. "Na mpaka leo kuna watu wenye kutuuliza tulitoka wapi. Unajua vile inauma, we mwenyewe ulinieleza. Sasa ni we ndo unamuuliza Sulemani?"

"Mi nakulinda."

"Najua. Ndo maana sikimbii, nakuja kukuaga. Mi nawenda Ujiji. Kule mi ndo mugeni, mi ndo wa kashe. Tukioana kule, nani anaoa karte? We ni walii wangu, ukikuja utaniozesha, na nitafurahi sana. Ukikataa, kule kuna kadhi, na nitamueleza sababu yako mbele ya watu wote."

Aliubusu mkono wa mzee na kutoka. Uthmani alibaki na kitenge nusu kimekunjwa.

Saa nne na nusu ofisi ya mabasi ilikuwa imejaa mifuko, kuku na watu wanaogombania risiti. Sulemani alikaa pembeni, shati jeupe lile lile, begi katikati ya miguu. Waridi aliingia amevaa gauni lake la Idi, jekundu lenye mikono mipana, amebeba sanduku dogo na pasipoti aliyozoea kufuatia nyuzi Kigoma.

"Sogea, mutalii."

Sulemani aliruka kusimama. "Umekuja kuniaga?"

"Apana. Nimekata tiketi."

"Ya wapi?"

"Ya matembezi." Akaketi. "Nilikukosea. Nisamehe."

"Na mimi nilikuwa na kiburi, ningekueleza." Sulemani alikaa polepole. "Niliuliza kwa sababu sikutaka nikuoe leo, kesho askari akipita nijifiche chini ya kitanda chako."

"Najua. Imenikamata siku kumi na sita, lakini najua. Sasa nieleze: kule kwenu bibi arusi anaombwa viza?"

"Hawaombi. Wanagonga muhuri tu."

"Mama yako ataweza kunivumilia siku zote za kashe?"

"Mama atakuficha usirudi."

"Asinifiche! Makaratasi tutaomba muchana, kule na hapa, tuko bibi na bwana. Na mwenye kusema kuna mutu anaoa karte, aseme ni mi."

Sulemani alicheka, machozi yakimlenga. "Waridi, hii ndiyo nini sasa? Unaniposa?"

"We ulileta barua. Mi naleta jibu."

Alimshika mkono mbele ya ofisi nzima, na mama mmoja mwenye kuku akapiga kigelegele bila kujua kisa. Dereva alipiga honi. Walikuwa mlangoni mwa basi simu ya Waridi ilipolia.

"Baba mudogo."

"Waridi." Sauti ya Uthmani ilikuwa nzito, kama mtu aliyekuwa akizunguka dukani tangu alipoagwa. "Pasipoti yangu inabakisha mwaka moja. Kule mpakani wataikubali?"

"Wataikubali, baba."

Mzee akakohoa. "Na wananipa siku ngapi?"

Waridi alimtazama Sulemani aliyekuwa akipandisha sanduku lake, pasipoti ikimtokeza mfukoni.

"Za kutosha kuniozesha," alisema. "Lakini uziheshimu, baba mudogo. Usiongeze hata saa moja."