Mashine Iliyomburuta Radoi

Siku ile mjinga alikuwa Radoi, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza atakusimulia huku akicheka. Lakini asubuhi yenyewe hakucheka mtu.

Radoi na mkewe Zlatka waliishi katika milima ya Rodopi. Bustani yao ilishuka mlimani kama ngazi, na kila ngazi ilishikiliwa na ukuta wa mawe. Walipanda viazi na maharage. Majira ya baridi yale, Radoi alipasuliwa ngiri. Daktari akamwonya: asishike jembe wala asinyanyue kitu kizito.

Theluji ikayeyuka. Majirani wakaanza kupanda. Bustani ya Radoi ikabaki vilevile. Mtoto wao aliyekaa mjini alishasema, "Mkishindwa mwaka huu, tunaiuza. Mtakuja kukaa nasi ghorofani." Tangu hapo Radoi hakupata usingizi.

Ndipo kaka yake, Kuzman, akamletea mashine yake ya kulimia. Ilikuwa kubwa, nzito, na ilinguruma kama lori.

"Hii ndiyo mashine ya mwanaume," Kuzman akasema. Akaiacha, akaenda zake.

"We Radoi, utaiweza?" Zlatka akauliza. "Mbona imekuzidi hata wewe?"

"Nimeendesha trekta la ushirika miaka mingi. Hiki nacho ni kitu?"

Kwenye mpini kulikuwa na wenzo. Ukiubana, visu vinazunguka. Ukiuachia, vinasimama. Mkono wa Radoi ulichoka upesi, basi akaufunga wenzo kwa waya. Hapo ndipo ujinga ulipokamilika.

Visu vikagonga jiwe. Mashine ikaruka, ikakimbilia ukingoni. Radoi akaachia wenzo, visu havikusimama. Akavuta, kidonda kikamchoma. Chini ya ukuta Zlatka alikuwa ameinama akichuma mboga za mwituni. Ngurumo ile ilimziba masikio.

"Zlatka! Ondoka!"

Hakusikia. Radoi akang'ang'ania mpini. Angeuachia, chuma chote kile kingemwangukia mkewe.

Mara mtu akaruka uzio. Alikuwa Donka, jirani yao mjane. Akabonyeza swichi ya kuzima kwenye injini, ambako mikono ya Radoi haikufika. Kimya. Gurudumu moja lilikuwa tayari linaning'inia hewani.

Zlatka akainua kichwa. "Kuna nini huko juu?"

"Mumeo alikuwa anakuletea zawadi," Donka akajibu. Kisha akauona waya, na utani ukamwisha. "Radoi, huu wenzo umewekwa ili ukianguka, mashine isimame. Umefunga kitu pekee kilichokuwa kinakulinda."

Radoi akakaa chini.

"Basi tuuze," akasema polepole. "Jembe siliwezi, na mashine siiwezi."

"Hii ndiyo huiwezi," Donka akasema. "Mashine nzito ni ya ardhi pana, ngumu, isiyowahi kulimwa. Udongo wako umelimwa tangu enzi za babu yako, ni laini. Unataka nyepesi, kama yangu."

Kesho yake wakaenda dukani watatu. Muuzaji akaanza kusifia ukubwa wa injini. Donka akamkatiza, akaendea mashine ndogo iliyokuwa pembeni.

"Zlatka, shika upande ule, mimi huku. Tunyanyue. Wewe Radoi simama, tumbo lako halijapona." Ikanyanyuka bila shida. "Mashine usiyoweza kuipandisha kwenye ngazi zako, haina kazi kwako. Sasa pimeni upana. Itapita getini? Na hivi visu vya pembeni vinatoka, ili upalilie katikati ya mistari?"

Vilitoka. Wakainunua.

Radoi alitaka kulima siku hiyohiyo. Donka akafinyanga udongo kiganjani, akaudondosha. Ukabaki donge.

"Bado una maji. Ukiulima hivi utakauka kama matofali. Subiri mpaka donge lipasuke likidondoshwa."

Walisubiri kwa wasiwasi, wakitazama mawingu. Donge lilipopasuka, Radoi akawasha. Mashine ikaanza kurukaruka.

"Usiisukume!" Donka akapiga kelele. "Zamisha kile chuma cha nyuma udongoni, ndicho breki yako. Pita juujuu kwanza, halafu rudia kwa kina. Nawe Zlatka, usisimame mbele yake wala chini ya ukuta!"

Radoi akaachia wenzo ili ajaribu. Visu vikasimama papo hapo. Akashusha pumzi. Akaubana tena, akaenda taratibu hadi mwisho wa ngazi, akageuka bila kuvuta kitu. Kabla ya mvua, maharage yalikuwa ardhini.

Yalipokomaa, mtoto wao alikuja, akabeba magunia, na habari ya kuuza hakuigusa. Kuzman naye alikuja kula. Akaiona mashine ukutani, akaangua kicheko.

"Kaka, hii ni ya kunyolea ndevu! Si bora ungebaki na yangu? Yangu ina nguvu!"

Radoi akafungua mdomo ajibu. Zlatka akamtangulia, akimwekea Kuzman bakuli la maharage.

"Ina nguvu kweli, shemeji. Yako ilimpeleka mume wangu ilikotaka yenyewe. Hii inakwenda anakotaka yeye. Haya, kula, yanapoa."