Karani Wangu Hakosei

“Isome tena, sista,” mume wangu alisema. “Polepole.”

Nesi wa kitengo cha figo akaisogeza karatasi karibu na dirisha. Mashine ilikuwa inazungusha damu ya mume wangu kwenye mipira kando ya kitanda. Mimi nimeshika mkoba, natamani ardhi ipasuke inimeze.

“‘Nataka kuendelea na mashine hadi mwisho. Nikizidiwa, nipelekwe chumba cha mahututi, madaktari wafanye kila linalowezekana.’ Chini kuna dole gumba lako, baba.”

“Dole ni langu. Maneno si yangu.”

“Siku mliyoileta nilikuuliza kama nikusomee. Unakumbuka ulinijibu nini?”

Alikumbuka. Nami nilikumbuka, maana nilikuwa nimesimama palepale.

“Nilisema karani wangu hakosei.”

Karani ni mimi. Ndiyo kazi yangu shuleni, miaka ishirini na mbili ya kuwaandikia watu barua. Yeye ni seremala, na nyumbani hatukuwa na mambo ya mpenzi wala dia. Ilikuwa Fundi na Karani, basi. Kisukari kilipomla macho, kisha kikahamia kwenye figo, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea kila kitu: meseji, maandishi ya chupa za dawa, hata matangazo ya vifo gazetini, ambayo aliyapenda sijui kwa nini. Kila mara aliuliza, “Wameandika hivyohivyo?” Nami nilijibu, “Hivyohivyo, Fundi.”

Wiki tano kabla ya siku hiyo, daktari alitukalisha akatueleza bila kuzunguka. Moyo wa Fundi umechoka. Mashine itamwongezea siku, ila nyingi atazimaliza kitandani. Figo zimebaki na nguvu kidogo. Akiacha mashine, huenda akapata wiki tatu, nne, akae nyumbani na dawa za kutuliza maumivu.

“Huko si kujiua, daktari?” niliuliza.

“Hapana, mama. Ugonjwa ndio utakaomwondoa. Sisi hatutamtupa, tutamwangalia hadi mwisho. Lakini uamuzi ni wake.”

Tukapewa fomu tukaijaze nyumbani. Fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kunitajia maneno ya kuandika.

“Andika: mashine imetosha. Naomba kurudi nyumbani. Nikizidiwa, nisipelekwe mahututi. Nina mbao zangu karakana, nataka kumtengenezea mke wangu mlango wa chumbani.”

“Mlango na macho hayo?”

“Mbao naziona kwa viganja. Wewe andika.”

Nilicheka huku nalia. Chumba chetu kilikuwa na pazia la maua mlangoni kwa miaka kumi na tisa. Mganga hajigangi. Fundi alikuwa ametengeneza milango ya mtaa mzima, yetu ilikuwa ya kesho na keshokutwa.

“Umeandika hivyohivyo?”

“Hivyohivyo, Fundi.”

Sikuandika neno lake hata moja. Nikamshika dole gumba, nikalichovya kwenye wino, nikaligandamiza mwenyewe chini ya uongo wangu. Kisha nikamtumia dada yake meseji: “Wifi, Fundi amekubali kuendelea na mashine.” Akajibu: “Mungu akubariki wifi. Mwingine angemwacha afe.” Niliisoma meseji ile mara tatu. Nilijiona mke wa kupigiwa mfano.

Fundi alipouliza mbona bado tunakwenda mashine, nikamwambia daktari amesafiri, mpaka arudi hakuna kinachoguswa. Akaniamini. Wiki ya tatu akaanguka bafuni. Hospitali wakaifuata fomu: wakamkandamiza kifua mpaka mbavu mbili zikavunjika, wakamtia bomba kooni, akakaa mahututi siku kumi na moja. Alipozinduka na sauti ikarudi, akarejeshwa kitengo cha figo, na swali lake la kwanza kwa nesi lilikuwa, “Kwa nini mlikataa nilichoomba?” Ndipo nesi akaenda kuileta ile karatasi.

“Sista, tupishe kidogo,” Fundi alisema.

Nesi akatoka.

“Kwa nini, Karani?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Kulala peke yangu nyuma ya lile pazia.”

Akajipapasa mbavu zilizovunjika.

“Tangu watoe bomba namlaani daktari wa watu. Ulinisikia?”

“Nilikusikia.”

“Ukanyamaza.”

“Nilinyamaza. Nisamehe, Fundi.”

“Yaani ungeniambia tu kwamba unaogopa. Tungeogopa wote.”

Nikamvutia shuka mpaka kifuani.

Daktari akaja. Akasema ile nguvu kidogo ya figo imekwisha kabisa. Akiacha mashine sasa, ni siku, si wiki. Fundi akasema anaacha. Nesi akashika kalamu.

“Mpe yeye,” Fundi akamzuia. “Aandike yeye.”

Niliandika kila alichosema, neno kwa neno, hata pale alipokohoa nikangoja. Nilipomaliza, nesi akauliza, “Nikusomee, baba?”

Fundi akanigeuzia uso.

“Nisomee, sista,” alisema.

Nilistahili. Lakini iliniuma kuliko kama angenipiga kofi.

Tukarudi nyumbani siku ya Jumatano. Mikono yake haikuweza tena hata kushika randa. Akamwita seremala mwenzake wa siku nyingi, yule tunayemwita Msasa kwa maneno yake ya kukwaruza, akamtaka achukue zile mbao.

“Ngoja nipime,” Msasa alisema. “Sikuzote nilijua mlango wa kwako nitautengeneza mimi, mvivu wewe.”

“Usipime. Karani atapima.”

Nikashika tepu. Nikapima mara mbili.

“Upana sabini na sita na nusu.”

“Hivyohivyo?” aliniuliza kutoka kitandani.

“Hivyohivyo, Fundi.”

“Msasa, kata sabini na sita,” alisema. “Hiyo nusu ni ya kupumulia.”

Msasa akanyoosha mkono achukue tepu ahakikishe.

“Nimekwambia kata!” Fundi akafoka, kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo.

Nikaenda kulilia jikoni. Niliporudi akanipapasa mkono.

“Nimekusamehe,” alisema. “Ila zile wiki huwezi kunirudishia.”

“Najua.”

“Basi kaa hapa.”

Nilikaa. Mlango ulifungwa bawaba siku ya sita. Msasa na mimi tukamwinua, akaupapasa kwa kiganja kutoka juu hadi chini, akasema umepigwa randa kizembe. Siku ya nane alikata roho, kichwa kikiwa mapajani mwangu, bila bomba wala mashine.

Msibani wanawake walijaa chumbani kwangu. Wifi yangu akaugusa mlango, akaufungua na kuufunga, akatikisa kichwa.

“Kaka yangu alikuwa na mkono, jamani! Oneni kazi yake ya mwisho. Na wewe wifi, ulimpigania.”

Wote wakaitikia. Ningeweza kunyamaza, kunyamaza nilikuwa nimeshakuzoea.

“Wifi,” nilisema, “mlango huu kautengeneza Msasa. Fundi alitaka kuutengeneza yeye, na siku za kuutengeneza alikuwa nazo. Mimi ndiye niliyemnyima. Kaa chini nikueleze nilichoandika.”