Kahawa Iliyong'ang'ania Mfuko

Joviana anauza kahawa ya unga Bilele, mjini Bukoba. Mumewe, Karugendo, huleta buni kutoka shamba lao la Kimwani. Joviana huzikaanga, huzisaga kwa mashine ya umeme, kisha hujaza mifuko ya plastiki na kuiziba midomo kwa moto.

Kiangazi hiki kazi iliharibika. Unga ulipanda ukang'ang'ania mdomoni mwa mfuko, na mfuko ukakataa kuziba. Nyumba ya wageni moja ilirudisha mzigo mzima, umemwagika. Mwenye nyumba hiyo alisema atapokea mzigo mmoja tu tena. Na huo ukimwagika, basi.

Sasa sikilizeni akili zetu binadamu. Elieth, wifi yake Joviana, alikuwa amepita akaisifu ile mashine. Joviana akaamua ni jicho la husuda. Elieth alipokuja tena, hakupewa hata akamwani, kahawa ya kutafuna. Wahaya wenzangu mnajua maana yake. Mgeni akiondoka bila kahawa, amefukuzwa. Elieth aliondoka analia, na Karugendo akanuna, maana huyo ni dada yake.

Hina, jirani mwenye duka la vyombo, alisikia habari hizo. Alikuja na kitana cha plastiki. Akakisugua kwenye nywele zake, akakisogeza kwenye unga. Unga ukaruka, ukanasa kwenye kitana.

"Na mimi ni mchawi?" aliuliza.

Akaeleza kwamba vitu viwili vikigusana na kuachana, mara nyingi hubaki na umeme kidogo. Buni kavu husuguana na kuvunjika mashineni, na unga hutoka na umeme huo, ukanasa kwenye plastiki. Dawa yake ni maji kidogo, maana unyevu hupunguza umeme huo. Weka kilo moja ya buni zilizokaangwa kwenye beseni, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maji, koroga, ndipo usage. Mashine yenyewe usiimwagie maji kabisa.

Joviana akauliza ni kitu gani hasa kinachohama vitu vikigusana.

"Hapo wanasayansi bado wanabishana," Hina alisema. "Wanaendelea kupima."

Joviana akavuta beseni. "Wao wana maabara na hawana hakika. Mimi nilikuwa na hakika ni Elieth."

Alinyunyiza, akakoroga, akasaga. Unga ukashuka ukatulia chini ya mfuko. Mdomo ukaziba. Joviana akaupindua mfuko, akautikisa, akaurusha ukutani. Haikutoka hata chembe. Alipiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakauliza nani anaolewa. Mzigo ulifika salama, na mwenye nyumba ya wageni akaagiza mara mbili yake.

Siku hiyo hiyo Joviana alikwenda kwa Elieth na kisahani cha kahawa ya kutafuna.

"Wifi, nilikukosea. Hukuwa wewe. Ni umeme wa kusuguana."

Elieth alikitazama kisahani. Kisha akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akatafuna.

"Kesho unasaga saa ngapi?" aliuliza. "Nije nikunyunyizie maji."