Kinga Iliyofungwa kwa Waya

Kila asubuhi baba hufungua karakana kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umebaki na vidole viwili tu.

Uliumia kwenye msumeno wa mkanda. Hiyo ni mashine yenye mkanda wa chuma wenye meno, unaozungushwa na magurudumu mawili. Juu ya meza yake kuna kinga ya kufunika meno. Kinga inatakiwa kushushwa hadi karibu na ubao. Baba aliipandisha juu kabisa, akaifunga kwa waya, ili auone vizuri mstari wa penseli. Alifanya kazi hivyo miaka tisa. Siku moja ubao uliteleza.

Sasa binti yake ndiye seremala. Mashine ile waliiuza kama chuma chakavu. Oda ya viti ikawa imelala.

"Nimeona moja kubwa sokoni," binti alisema. "Imetumika, lakini inapasua hata gogo."

"Ina kinga?" aliuliza jirani yao, mwalimu wa ufundi aliyestaafu. Mtaani wanamwita Bibi Futi, kwa sababu hupima kila kitu.

"Haina, bibi. Nitakuwa makini."

Baba alitoa mkono mfukoni, akauweka mezani.

"Hata mimi nilikuwa makini, mwanangu."

"Wewe unapasua magogo?" Bibi Futi alimuuliza binti.

"Nakata miguu ya viti."

"Sasa ukubwa wa nini? Unataka kuvitisha viti?"

Binti alicheka kidogo. Baba hakucheka.

"Pima ubao mnene kuliko yote unayokata," bibi aliendelea. "Mashine iupitishe huo, inatosha. Sukuma meza, isitikisike. Kinga ishuke kwa urahisi, maana ikiwa ngumu utaiacha juu. Swichi ya kuzimia uifikie bila kupitisha mkono mbele ya meno. Muuzaji aiwashe ukiwepo. Mkanda ukiyumba, ondoka. Na uliza kama mikanda ya akiba inapatikana hapa."

"Nivae glavu?"

"Usivae! Meno yakinasa glavu, yanavuta na mkono."

Walinunua mashine ndogo, yenye kinga nzima. Baba alichonga kijiti cha kusukumia ubao, ili vidole vikae mbali na meno. Kwa mkono wa kushoto, kilimchukua siku nne.

Binti alishusha kinga. Aliacha nafasi ya unene wa penseli juu ya ubao.

"Mstari unauona?" baba aliuliza.

"Nauona, baba."

"Wote?"

"Wote."

Baada ya wiki mbili viti vyote vilikamilika. Binti hakupata hata mkwaruzo. Alizima mashine, akasubiri mkanda usimame, kisha akaenda kuchukua ufagio.

Baba aliinama mbele ya meza. Aliweka kipande cha ubao chenye mstari chini ya kinga, akachungulia. Mstari ulionekana wote. Ungeonekana miaka yote tisa.

"Baba, kuna nini?"

"Hamna kitu," alisema. "Fagia, tufunge."