Mdomo wa Dada Nasima

Kila jioni, akishavua sare na kunywa chai, Nasima alivuka ua kwenda kwa Mama Calvince kumfundisha Calvince kusoma. Wote waliishi ploti moja mjini Voi, karibu na reli. Treni ikipita, somo lilisimama kwanza, maana hakuna aliyesikia neno.

Calvince alikuwa Gredi ya Kwanza, mapengo mbele na maswali yasiyoisha. Herufi nyingine alizijua, ila vokali zilimchanganya. Mwalimu Wakio alikuwa amempa kila mwanafunzi wa Gredi ya Sita mtoto mmoja wa kumfundisha. Yule ambaye mtoto wake angesoma vizuri zaidi siku ya Ijumaa angekabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu vya hadithi. Nasima aliutamani ufunguo huo mpaka akauota.

"Pa, pe, pi, po, pu," alisema, akionyesha herufi kwa kidole.

Calvince alirudia bila kukosea. Lakini macho yake hayakuwa kitabuni, mjanja yule! Yalikuwa kwenye mdomo wa Nasima. Ukifunguka wazi, alisema "a". Ukiwa mviringo, alisema "o". Nasima alipogeuka kukohoa, mtoto alinyamaza kimya.

Nasima aliliona hilo, akajifanya hakuona. Ijumaa ilikuwa kesho.

Ijumaa ilipofika na Mwalimu Wakio akamwinulia Calvince kadi za maneno, Nasima alisimama nyuma ya mwalimu, akaziumba vokali kwa midomo bila kutoa sauti.

"Kata! Keti! Koti!" Calvince alisoma kwa kujiamini. Darasa likapiga makofi. Nasima akarudi nyumbani na ufunguo mfukoni.

Jioni Mama Calvince aliwasha jiko huku akiimba kwa furaha. Alitoa pakiti ya maziwa, akamwekea mwanawe mbele.

"Haya baba, nisomee hapa kabla sijapika chai."

Calvince aliitazama pakiti, kisha akamtazama Nasima.

"Ngoja, Mama. Dada Nasima hajafungua mdomo."

Mama Calvince alicheka sana, akidhani ni utani. Nasima hakucheka. Alijisikia vibaya mno, hata chai ikamshinda kunywa. Mtoto huyu alimwamini, naye alikuwa amemwacha pale pale alipomkuta.

Jumatatu alimfuata Mwalimu Wakio, akamweleza yote na kumrudishia ufunguo. Machozi yalimlengalenga.

"Asante kwa kuniambia," mwalimu alisema, akampangusa shavu. "Ufunguo nitampa Sufian, ambaye mtoto wake alikuwa wa pili. Wewe rudi kwa Calvince, na ukimfundisha, funika mdomo wako."

Jioni hiyo Nasima alimweleza Mama Calvince pia, kisha akajifunika mdomo kwa mtandio. Calvince alikasirika, akaususia mkeka wao wa kusomea.

"Sioni!" alilia.

"Mimi usinitazame. Tazama herufi, halafu shika mdomo wako mwenyewe. Sema 'a'. Umesikia ulivyofunguka?"

Calvince alijishika midomo. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Jioni iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine pia. Nasima hakumpa jibu hata moja, ingawa alimwonea huruma kweli.

Hatimaye, jioni moja, Mama Calvince aliweka tena pakiti mezani. Nasima alikaa kimya, mtandio mdomoni. Calvince aliinama, kidole kikitambaa juu ya herufi.

"Ma... za... hapana. Ma... zi... wa. Maziwa! Mama, ni maziwa!"

Mama Calvince alimkumbatia, kisha akamvuta Nasima naye.

"Binti yangu," alisema, "ile Ijumaa ulimsomea wewe, na leo amesoma mwenyewe. Ukweli ulikunyima ufunguo, lakini umempa mtoto wangu kusoma. Ukimsaidia mtu, msaidie mpaka aweze hata ukiwa hupo."

Calvince alinyoosha mkono, akaushusha mtandio wa Nasima taratibu.

"Dada, sasa unaweza kufungua mdomo," alisema. "Kunywa chai."