Makovu Matano ya Najiat

"Hii mimba ya nani, Najiat?"

Sadiki hakuwa hata amevua viatu. Begi la safari lilikuwa bado mlangoni, vumbi la Mpanda kwenye kola, na mkononi ameshika kifurushi cha gazeti alichokabidhiwa na dada yake, Zamda, kabla hata ya kupewa maji ya kunywa. Ndani mlikuwa na udongo. Udongo wa kula, vile vipande vinavyopangwa mafungu sokoni, ambavyo mtaa mzima wa Isevya unajua wanaonunua ni akina nani.

"Mimba?" Najiat alijiinua kitandani kwa kiwiko. Ilikuwa saa nane mchana na alikuwa amelala tangu saa tatu. "Mimba ipi?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Kaka, muulize na asali," Zamda akadakia kutoka mlangoni. "Nimemletea asali ya Sikonge, nzuri, kijiko kimoja tu. Jasho likamtoka, akakimbilia chooni kutapika. Mtu wa Tabora gani anatapika asali?"

"Wifi, asali hainikubali siku hizi."

"Na mchele mbichi? Si nimekukuta unautafuna kama karanga?"

"Zamda, tupishe," Sadiki alisema.

Zamda akatoka, lakini hakufika mbali. Miguu yake ilionekana chini ya pazia.

Sadiki akakaa ukingoni mwa kitanda. Miaka sita ya ndoa, kila Ramadhani alikuwa akiomba jambo moja tu, mtoto. Sasa alimtazama mkewe kama mtu aliyeletewa mzigo wenye jina la mwingine.

"Miezi mitano nimekaa Mpanda kwenye kazi ya reli. Nihesabie wewe, labda mimi nakosea."

"Sina mimba, Sadiki. Nimepima mara mbili."

"Kwa nini ulipima?"

Najiat angemwambia nini? Kwamba yeye mwenyewe mwili wake haumwelewi? Akifagia uani, moyo unamdunda kama amekimbia hadi Kipalapala na kurudi. Akiinama, dunia inainama naye. Na ile hamu ya udongo, hamu ya aibu, inayomwamsha usingizini mate yakimjaa. Siku moja alijishika tumbo akajiuliza, "Hivi kama ninayo kweli, nimeipataje?" Akapima akijua wazi hakuna mwanamume aliyemgusa.

Simu yake ikatetemeka kitandani. Sadiki akawahi, akasoma kwa sauti.

"'Dawa unameza lakini? Najiat, usiniambie umeacha. Na mwambie mumeo ukweli, siku moja atajua tu.'" Akainua macho. "Dada yako Anifa. Dawa gani? Ukweli upi?"

"Sadiki..."

"Mnataka kuitoa?"

"Wallahi hapana."

"Vaa. Twende hospitali."

Kutoka chumbani hadi kwenye bajaji ni hatua thelathini. Najiat alisimama mara tatu akihema. Mara ya tatu alijishikilia kwenye ukuta wa jirani, midomo imempauka. Sadiki alikuwa ametangulia kwa hasira. Akageuka, akamwona, akarudi, akamshika mkono. Halafu akakumbuka kwamba amekasirika, akauachia. Halafu akaushika tena.

*

Daktari alikuwa dada wa makamo anayeitwa Levina, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alimvuta Najiat kope la chini, akatazama, akaguna. Damu ikachukuliwa, mkojo ukachukuliwa, wakasubiri kwenye benchi. Majibu yalipotoka akawaita wote wawili.

"Mimba hakuna," alisema.

Sadiki akashusha pumzi ndefu. Kisha akaona aibu kwa kuishusha.

"Ila damu hakuna pia. Wingi wa damu ni sita. Mwanamke tunamtaka afike kumi na mbili. Mama, umeingia hapa kwa miguu yako?"

"Kwa bajaji, daktari."

"Unakula udongo?"

Najiat akatazama sakafu. "Nakula."

"Usione haya. Mara nyingi ni damu inayolia njaa ya madini ya chuma. Wajawazito hamu hiyo huwapata sana, ndiyo maana watu wakiona udongo wanaona mimba. Sasa nataka kujua damu imekwenda wapi. Panda kitandani nikuangalie tumbo."

Daktari alipopandisha blauzi ya Najiat, mkono wake ukasimama. Makovu matano madogo, yametawanyika.

"Haya ya nini?"

"Kidole tumbo," Sadiki akajibu haraka, kwa moyo safi. "Alipokwenda Dar kwa dada yake, mwaka juzi. Kikamkamata ghafla hukohuko. Tangu siku hiyo mwili ukapungua, alikuwa mnene sana huyu."

Daktari alimtazama Najiat, akangoja.

Najiat alipima moyoni. Akinyamaza, uongo unabaki wake na ugonjwa unabaki wake. Akisema, huenda akabaki bila mume. Sadiki amesimama pale, amemtetea kwa uongo aliomlisha yeye mwenyewe.

"Si kidole tumbo," alisema. "Nilipunguzwa tumbo. La ndani. Walilikata wakaliunganisha na utumbo, ili nisiweze kunenepa tena."

Daktari akamshushia blauzi.

"Ndiyo maana asali inakutapisha," daktari alisema polepole. "Sukari inashuka kwenye utumbo kwa kishindo. Na chuma hakinyonywi vizuri. Walikupa vidonge vya kumeza maisha yote?"

"Walinipa. Nilikuwa navificha kwenye pipa la unga. Wifi alipoanza kupika kwangu nikaacha."

*

Dripu ya madini ya chuma ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Sadiki alikaa kwenye kiti cha plastiki, viwiko magotini.

"Sijui nimkasirikie nani," alisema. "Nimekusingizia kitu hukufanya. Nataka kukuomba radhi, nakuta kuna kitu umefanya kweli."

"Daktari wa Dar alisema nikipungua huenda nikashika mimba. Nikaona nikikwambia utakataa."

"Ningekataa."

"Basi."

"Ningekataa kwa sababu nilikuwa nakutaka vilevile. Ungefariki kwenye meza ya upasuaji, mimi nikiambiwa kidole tumbo?"

Machozi yakamteremka Najiat hadi sikioni.

"Unaniacha?"

"Usiniulize leo. Leo kichwa changu hakina mpangilio." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini vidonge utameza mbele yangu."

Simu yake ikaita. Zamda. Akaiweka sauti ya nje.

"Kaka, wamesemaje? Miezi mingapi?"

Sadiki akafungua mdomo, kisha akaziba simu kwa mkono na kumgeukia mkewe.

"Nimwambie nini? Hili ni lako."

Najiat alimtazama usoni. Hakuona msamaha pale. Aliona mtu aliyechanganyikiwa ambaye bado anamuuliza kabla ya kusema.

"Nipe niongee mwenyewe," alisema. Akavuta pumzi. "Wifi, ni mimi. Mimba sina, damu sina. Na kile cha Dar hakikuwa kidole tumbo. Kaa chini nikueleze."

Najiat akaanza kueleza tangu mwanzo, polepole, akipumzika kila sentensi mbili. Mkono wa dripu aliambiwa asiukunje na mwingine ulikuwa hauna nguvu, hivyo Sadiki alisogeza kiti na kumshikia simu mpaka alipomaliza.